Fundo la Kikwembe

Angèle alikuwa amelala kasho, mahabusu ya polisi, juma zima, na maji ya mimba tumboni mwa Mignonne yalikuwa bado yanakauka.

Habari hiyo ilimkuta Inspekta Stany Kalumba mezani kwake, akipambana na yai la kuchemsha lisilo na chumvi. Mke wake aliifukuza chumvi nyumbani tangu siku Kalumba alipopimwa tansio, yaani shinikizo la damu, na mashine, kwa jinsi alivyopenda kusimulia mwenyewe, ikapiga mluzi na kumwomba muuguzi ruhusa ya kwenda kupumzika. Aliliacha yai, akameza kidonge chake cha asubuhi, akairudisha plakete ya vidonge katika mfuko wa shati, akavaa kofia.

Mtia sumu akiwa ndani na sumu ikiendelea kufanya kazi nje, kuna mawili. Ama ana mikono mirefu kuliko reli inayopita Tenke, ama umemfungia mtu asiye na kosa. Kasulo nzima, mtaa wa wachimbaji wa Kolwezi, ilikuwa imechagua la kwanza. Kalumba hakuwa amechagua bado, na mwendesha mashtaka alikuwa amemtumia neno kwamba leo, kabla ya jua kuzama, Angèle ama apelekwe gerezani kwa kutaka kuua mtoto tumboni, ama aachiliwe. Sheria yenyewe ilishachoka kumngojea. Lakini kumwachilia bila jibu ni kumkabidhi kwa Glodi, mume wa Mignonne, na vijana wenzake wa shimo, ambao walikuwa wameapa kumshusha yule mwanamke chini kwenye kobalti bila kamba.

Angèle alikuwa mjane wa kaka yake Glodi. Hakuzaa, aliishi ua mmoja na Mignonne, na ndiye aliyempikia tangu mimba ilipoanza kumlemea. Mashtaka yote yalikuwa hayo, na kwa watu wa Kasulo yalitosha na kubaki.

Materniti, wodi ya wazazi, ilimpokea Kalumba kwa kilio. Haikuwa ajabu. Watu wote wana uso, lakini uso wa Kalumba ulikuwa umetengenezwa jioni, fundi akiwa na haraka. Kovu lilishuka kutoka kwenye nywele mpaka kidevuni, nyusi zilikutana katikati kama watu wanaogombea mpaka, na meno ya mbele yalikuwa yamehama katika hali ambayo aliieleza tofauti kila mara. Majambazi walimwogopa kiasi. Watoto wachanga walimwogopa kabisa. Alivaa miwani nyeusi na kuishusha kofia mpaka kwenye nyusi, na bado akipita koridoni vilio viliwaka kitanda baada ya kitanda. Kuna mama wa Fungurume aliyeapa kwamba mwanawe, aliyezaliwa kimya mpaka wauguzi wakakata tamaa, alipata sauti Kalumba alipopita nje ya dirisha akitafuta mwizi wa nyaya. Kalumba mwenyewe alikuwa akikanusha, lakini si kwa nguvu.

Daktari Mbuyu alimvuta chumbani kwake akafunga mlango. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa maneno, na asubuhi ile maneno yalimtoka kwa shida. Alikuwa amempima Mignonne tena kwa ile mashine ya picha. Juma lililopita maji yalikuwa kidogo. Leo yalikuwa kama ya kunawa kidole.

"Yale maji haina mayi ya mto, Inspekta," alisema. "Ni mukojo ya mutoto mwenyewe. Anakunywa, anakojoa, anakunywa tena. Ikikauka, figo zake zimelala. Kuna kitu mama anameza, kinazilaza."

Kalumba aliuliza kama mtoto angetolewa mapema. Daktari alitikisa kichwa. Miezi saba haijatimia, mapafu hayajawa tayari, na figo zenyewe zimelala. Akimtoa leo atakuwa anamtoa kumzika. Akimwacha ndani bila maji, kitovu kitabanwa, na itakuwa vilevile, ila polepole.

"Na akikiacha hicho kitu?"

"Figo zinaweza kuamuka. Nimeisha kuona zikiamuka." Alimtazama usoni, jambo ambalo watu wachache walilifanya kwa hiari. "Kama haijachelewa. Nitafutie, tata. Leo."

Basi Kalumba alianza upya, kama fundi anayebomoa ukuta alioujenga mwenyewe.

Chakula kwanza. Siku Glodi alipomleta Angèle polisi akimkokota kwa mkono, alileta na termosi kama kielelezo, imejaa majani ya sinda, yaani mchaichai, yaliyochemshwa. Kundi la vijana lilikuwa nje ya lango likitaka kujua sumu gani. Maabara ya kuchunguza sumu haikuwapo karibu, na vijana hawakuwa na sura za watu wa kungoja majibu. Kalumba alifungua termosi, akajimiminia kikombe, akanywa. Akajimiminia cha pili. Alikunywa kielelezo chote mbele yao mpaka tone la mwisho, akaketi juu ya ngazi wamwangalie akifa. Kilichompata ni usingizi mzuri ambao hakuwa ameupata tangu enzi za chumvi. Vijana walitawanyika wakinung'unika kwamba huyu mzee hafi kwa sumu za kawaida.

Hilo la kwanza. La pili, tangu Angèle afungwe, Mignonne alikula chakula cha Glodi mwenyewe, ugali na samaki anaowanunua barabarani, na Glodi alikula naye sahani moja. Maji yakazidi kupungua. Kwa hiyo kitu hakikuwa katika sahani. Kilikuwa kimelazwa hospitalini pamoja na mgonjwa.

Alimwendea mlinzi wa lango la wodi, akamuuliza nani ameingia. Mlinzi alisema ni mume tu, na siku ya Mungu, yaani Jumapili, bamama wa kwaya, walikuja kuimba na kuombea, wakaondoka. Hawakuleta chakula? Hawakuleta kitu, alisema mlinzi. Yeye mwenyewe aliangalia vizuri, maana alikuwa na njaa.

Mignonne alikuwa kitanda cha dirishani. Msichana wa Sandoa, mwembamba usoni na mzito kiunoni, aliyefika Kolwezi mwaka juzi kuolewa, na mpaka mimba ilipomzidi alikuwa akiosha mawe ya madini mtoni pamoja na wanawake wenzake. Alikuwa amejifunika kikwembe, kitenge cha kina mama, mpaka kifuani, macho yakimfuata Inspekta bila kupepesa. Glodi alikuwa pembeni. Alianza mara moja kusema kwamba ule mwanamuke anaroga hata akiwa kasho, wamuhamishe mbali, wamupeleke hata Kinshasa. Kalumba alimwambia akae, akakaa.

Pale hospitalini dawa hununuliwa na familia na hukaa na mgonjwa. Kalumba aliomba kuziona. Glodi aliinua mto kwa fahari ya mtu aliyetimiza wajibu, akatoa boksi la Aldomet, dawa ya tansio ambayo Daktari Mbuyu alimwandikia Mignonne tangu mimba ikiwa changa. Kwa kuipata, alisema, alizunguka famasi zote za mjini.

Boksi lilikuwa limefunguliwa juu. Kalumba alivuta plakete moja, akavuta ya pili, akazivuta zote, akazipanga juu ya shuka kama mcheza karata. Hakuna hata kidonge kimoja kilichotoka shimoni mwake.

Alizirudisha taratibu, akatoka, akamkuta daktari koridoni.

"Tansio yake ikoje?"

"Nzuri. Njo kitu kimoja chenye kinaenda muzuri. Aldomet inamufaa."

"Hajaigusa, Dokta. Boksi iko mzima."

Daktari Mbuyu alisimama na mkono ukiwa bado juu ya kitasa cha mlango. Mwanamke aliyefika kwake na tansio ya kutisha, ambaye hanywi dawa, na tansio imetulia kama ya msichana wa shule. Wote wawili walifika mahali pamoja kwa wakati mmoja, lakini Kalumba ndiye aliyelisema. Sumu wanayoitafuta ilikuwa inamtibu mama. Haikuwa sumu. Ilikuwa dawa ya tansio, nyingine.

Daktari alitaka kuingia na kumtikisa. Kalumba alimzuia mlangoni. Alirudi peke yake, akamtuma Glodi akatafute maji ya kunywa, akavuta kiti, akavua kofia kwa heshima, kisha akakumbuka uso wake akaivaa tena.

Alimuuliza Mignonne anakunywa nini. Mignonne akasema dawa ya daktari. Kalumba akasema dawa ya daktari ameiona, haijaguswa. Mignonne akageuza uso dirishani. Kalumba akauliza nani anampa nyingine. Aliuliza kama anajua mtoto anakosa maji. Hapo machozi yalimtoka, lakini kinywa hakikufunguka, na mkono wake ukashuka polepole mpaka pembe ya kikwembe, mahali palipokuwa na fundo dogo gumu, ukalifunika.

"Ndani ya ile fundo muko nini, mama?"

"Sala."

"Nifungulie niione."

"Ukifungua, mutoto anakufa." Alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekutajia saa. "Hata kama ni polisi. Anakufa."

Kalumba angeweza kumpokonya. Mkono wake ulikuwa mkubwa kuliko mto wa kitanda. Lakini alikuwa ameshaona mara nyingi kinachotokea ukimpokonya mtu siri yake: anakimbia nayo iliyobaki. Mignonne angetoroka wodini usiku huohuo na kwenda kumeza vidonge vingine mahali pasipo na daktari. Fundo lilitaka kufunguliwa na mtu mwenye ruhusa, na wa kumwambia ni nani hakuwepo, ila kikwembe chenyewe.

Akakitazama kikwembe. Kilikuwa cha jubile ya kapela, kanisa dogo la mtaa, na picha ya kanisa katikati ya duara la majani. Kalumba aliikumbuka ile jubile; alisimamia usalama wake, na mtu aliiba kuku wa sadaka mbele ya macho yake. Ilifanyika zamani, msichana huyu akiwa bado Sandoa hajui Kolwezi iko upande gani. Kwa hiyo kikwembe hakikuwa chake. Na karibu na upindo palikuwa na alama ya kuungua, yenye ncha, kama pua ya pasi ya makaa.

Mama Mbombo, mkubwa wa bamama wa kapela, alikuwa barabarani akiuza munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, kwa vijana waliotoka mashimoni. Alimwona Kalumba kwa mbali, akamjazia kikombe kabla hajafika, akamwambia kwamba uso ule unastahili kitu cha baridi. Kalumba alikunywa, akamsimulia alama ya pasi. Mama Mbombo akacheka mpaka akashika kiuno. Nani asiyeijua? Ni Jémima huyo, wa sauti ya kwanza kwayani, aliyeunguza kikwembe kipya siku ya jubile yenyewe kwa sababu alikuwa anaimba na kupiga pasi.

Kicheko kilikatika Kalumba alipouliza kwa nini kikwembe cha Jémima kiko juu ya tumbo la Mignonne, na fundo kwenye pembe.

Ilibidi anywe kikombe cha pili na kumwapia kwamba hatalitangaza jambo hilo kwenye redio. Ndipo mama akaeleza, akiangalia pembeni. Ilikuwa desturi yao, ya kapela ile tu, tangu wakati wa mama zao. Mwanamke aliyezaa vizuri, mtoto mnene, mama mzima, humpa kikwembe chake mwenzake mwenye mimba ngumu. Katika pembe hufunga kitu kilichomsaidia. Wengine hufunga udongo wa nyumbani, wengine rozari, wengine mzizi. Kila siku ya Mungu mwenye kikwembe humtembelea mwenzake na kulifunga fundo upya. Anayepewa hasemi kwa mtu, hata kwa mume, na fundo halifunguliwi moja kwa moja mpaka mtoto alie. Na mwenye kulifungua ni yuleyule aliyelifunga.

"Mpaka mutoto alie," Kalumba alirudia.

"Njo vile. Akisha kulia, ni kusema amefika. Basi inafunguliwa."

Jémima aliishi ndani kabisa ya Kasulo, mahali ambapo nyumba zimesimama juu ya mashimo kama meno juu ya ufizi mbovu. Inasemekana kuna mtu pale aliyeingia chumbani kwake kulala akatokea sebuleni kwa jirani, na Kalumba, aliyekuwa ameshawahi kumkamata mtu akitokea sebuleni kwa jirani, hakuwa na sababu ya kubisha. Alikanyaga kwa uangalifu, akapita turubai la rangi ya machungwa, akamkuta Jémima mlangoni akimnyonyesha mwanawe. Mtoto alikuwa mnene kiasi kwamba mikono yake ilikuwa na pete za nyama. Jina lake Gael.

Gael aliacha titi, akamtazama Inspekta kutoka kofia mpaka viatu. Kalumba alingoja kilio. Mtoto akatabasamu, akarudi kwenye maziwa. Jambo hilo lilimtikisa Kalumba kuliko alivyotaka kuonyesha.

"Kikwembe yako ya jubile iko wapi, mama?"

"Niliazimisha."

"Kwa nani?"

"Kwa mutu."

"Mama Mbombo ameisha kuniambia."

"Basi juu ya nini unaniuliza?"

"Nauliza yenye Mama Mbombo hajue. Mulifunga nini mule ndani?"

Jémima alimhamisha mtoto titi la pili, na alichukua muda wake. Kalumba akamwambia, bila kupaza sauti, kwamba tumboni mwa Mignonne maji yanaisha, na Angèle leo anapelekwa gerezani. Mwanamke alisimama. Aliingia ndani, akarudi na boksi dogo, akampa.

Kalumba alilifungua, akatoa plakete. Kisha akapeleka mkono kwenye mfuko wa shati, na kwa nusu ya pumzi aliamini ameibiwa, maana plakete aliyokuwa ameishika ilikuwa yake mwenyewe: mng'ao uleule, mstari uleule wa kijani, vidonge vilevile vidogo vyenye mkato katikati. Yake ilikuwa bado mfukoni. Akaziweka pamoja juu ya kiganja, ya mzee wa polisi na ya mama wa mtoto mnene, na huwezi kusema ipi ni ipi.

Jémima alizungumza haraka sasa, kama anayeshusha mzigo. Yeye tansio ilimpanda baada ya kuzaa. Daktari wa mahali pengine alimpa hizi. "Nilimuuliza, nikarudilia kumuuliza: haitaumiza mutoto? Akasema nisiogope, ninyonyeshe tu, haitaumiza mutoto. Angalia yeye vile alivyo." Kisha Mignonne akaanza kulalamika kwamba Aldomet inamletea usingizi, kichwa kizito, siku moja nusura aanguke mtoni na mawe yake. Dawa ya kulewesha, na mtoto wa mwenzake yuko pale mbele yake, mnene, anacheka. "Nikamufungia hizi, kila siku anachomoa moja na kidole, fundo halifunguke. Siku ya Mungu, tukija kuimba, naongeza. Mi nilimupatia kitu chenye kilinisaidia."

Kalumba hakuwa daktari. Alimpigia Daktari Mbuyu pale pale mlangoni, akamsomea jina lililoandikwa kwenye boksi, polepole. Enalapril.

"Ile ninakuandikiaka weye," daktari alisema. "Mama mwenye kunyonyesha pia naweza kumwandikia, na nikalala usingizi. Mwenye mimba, hapana. Hata siku moja."

"Lakini mutoto ni mutoto, Dokta. Huyu niko naye hapa, anashinda ng'ombe."

"Wa titi anapata tone ndani ya maziwa, na figo zake zimekomaa. Wa ndani ya tumbo anakunywa kikombe kimoja na mama yake. Mulete ule mwanamuke. Sasa."

Walipanda pikipiki moja, dereva, Jémima, Gael katikati, na Kalumba nyuma akiwa na nusu ya makalio hewani. Kila walipopita shimo Jémima alimkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi.

Sasa msomaji atadhani kazi ilikuwa imekwisha. Kalumba naye alidhani hivyo mpaka waliposimama kando ya kitanda. Daktari alieleza kila kitu, mara mbili, kwa maneno madogo. Jémima alipiga magoti akalia, akasema ndugu yangu, nilikosa, acha zile dawa. Glodi alisimama na chupa ya maji mkononi, mdomo wazi, akimtazama mke wake kama anamwona mara ya kwanza. Na Mignonne aliwasikiliza wote, akatikisa kichwa. Aliamini kuhusu dawa, hilo lilionekana machoni. Alishika fundo kwa mikono miwili.

"Nitakunywa Aldomet," alisema. "Lakini fundo, apana. Mutoto hajalia."

Daktari alisema basi libaki, alimradi asimeze. Kalumba aliitazama ile mikono. Vidonge vikiwa pale usiku kucha, chini ya vidole vya mwanamke mwenye hofu anayeamini kwamba ndivyo vinavyomshikilia mwanawe; na Aldomet ikimlevya, na sauti ya moyo wa mtoto ikipungua kidogo kwenye mashine ya moyo kando ya kitanda. Angemeza. Mtu yeyote angemeza. Akamgeukia Jémima amfungulie. Jémima akarudi nyuma, mikono mgongoni. Yeye pia aliogopa. Nani angethubutu kufungua kabla ya kilio, na mtoto ndani ana hali ile?

Kalumba alisimama akifikiria maneno ya Mama Mbombo, akiyageuza upande huu na upande ule kama anavyogeuza maelezo ya shahidi.

"Mama Jémima," alisema, "sheria yenu inasema mutoto alie. Inasema mutoto gani?"

Jémima alimtazama Mignonne. Mignonne naye alimtazama. Ilionekana kwamba tangu wakati wa mama zao hakuna aliyewahi kuuliza.

"Inasema mutoto," Jémima alisema polepole. "Mutoto alie, basi."

Kalumba alivua kofia, akaiweka kitandani. Alivua miwani. Alimwinamia Gael mpaka pua zikakaribia kugusana, kovu, nyusi, mapengo na yote. Gael alimtazama. Akanyoosha kidole kinene, akakipitisha juu ya kovu, akacheka.

Kitanda cha pili mtoto alikuwa ameanza kunung'unika, lakini huyo hakuwa wa Jémima, na Kalumba alijua kwamba pale mbele ya Mignonne lazima awe huyu, wa kikwembe kile. Alijaribu kukunja uso. Gael alicheka zaidi. Jasho lilimshuka Inspekta. Katika maisha yake yote uso huu haukuwahi kumwangusha, hata siku aliyotaka umwangushe, na leo, siku moja tu aliyouhitaji, umekutana na mteja mgumu. Mashine ilipiga pigo, ikangoja, ikapiga jingine. Mkono wa daktari ulikuwa mdomoni.

Ndipo Kalumba, ambaye hakujua la kufanya tena, akatabasamu.

Hakuwa ametabasamu kwa miaka, na ilionekana. Gael alisimamisha kicheko. Midomo ilianza kutetemeka, macho yakajaa, kifua kikavuta hewa yote ya wodi ile, na kilio kilichotoka kilisikika, wanasema, mpaka kwenye foleni ya malori ya madini nje ya mji. Vitanda vyote vikapokea. Katika kelele ile Jémima alimpa Inspekta mtoto, akapiga hatua moja mbele, akaweka vidole juu ya fundo. Mignonne aliondoa mikono yake, kidole kimoja kimoja, akafumba macho. Fundo likafunguka. Vidonge vidogo vyeupe vilianguka kwenye kiganja cha Daktari Mbuyu, na hakuna aliyekufa.

Daktari alimwambia Jémima asiache dawa yake, aendelee kunyonyesha, Gael hana neno. Ila siku atakapowaza mimba nyingine, aje kwanza hapa kabla hajamwambia hata mume. Jémima aliitikia kwa kichwa. Kisha akachukua kikwembe akakikunja, na Mignonne akakishika tena, bila fundo, akajifunika.

Jua lilikuwa bado juu Kalumba alipofungua mlango wa kasho. Angèle alikataa kutoka. Alisema anawaona vijana wa shimo langoni. Kalumba alimwonyesha mtu aliyesimama mbele yao, Glodi, kichwa chini, ameshika termosi tupu aliyotaka ijazwe. Angèle alimtazama shemeji yake kwa muda mrefu. Hakumsamehe, hilo lilikuwa wazi. Alichukua termosi, akauliza sinda inauzwa wapi upande huu, na vijana wakampisha njia.

Zilipita siku nyingi za kungoja, na kila asubuhi Kalumba aliacha yai lake akapitia materniti, eti kwa ajili ya ripoti. Kila asubuhi Daktari Mbuyu alitikisa kichwa. Asubuhi moja hakutikisa. Alimvuta mbele ya mashine, akamwonyesha kwa kidole kijipande cheusi, chembamba kama ukucha, kando ya goti la mtoto.

"Mayi," alisema.

Mignonne alikuwa amelala chali, usingizi wa Aldomet ukiwa bado machoni. Angèle alikuwa kitini na kikombe. Kalumba alishusha kofia atoke kabla hajaiamsha wodi, na Mignonne akamwita.

"Tata Inspekta. Siku nitazala, ukuye."

Kalumba alisema polisi hawana kazi ya kuja huko mtu akizaa.

"Ukuye," Mignonne alisema. "Na usivae ile miwani. Minataka alie."